Usiniambie Nimepona, Niulize Kama Nimekunywa Dawa

Kuna video moja iko kwenye simu yangu ambayo sijawahi kuipandisha. Nimekaa kitandani, maiki ndogo nimeibana kwenye kola, naongea tu mambo ya kawaida, vile bando inaisha kabla usiku haujafika na watu wanaokopa chaja wakasahau kurudisha. Nilipoanza kuihariri nikasikia kitu nyuma ya maneno yangu. Tik. Tik. Tik. Nikadhani ni saa ya ukutani. Nikaitoa betri, nikarekodi tena. Tik, tik, tik.

Kumbe ni mimi.

Hospitalini walikuwa wameniambia, lakini kuambiwa na kujisikia kwenye spika ni vitu viwili tofauti. Ndani ya moyo wangu kuna vali ya kutengenezwa. Ni kitu kidogo, pete yenye milango miwili ya kaboni ngumu, inafunguka na kufungwa kila moyo ukipiga. Ikifungwa inalia. Usiku nyumba ikitulia naisikia hata bila maiki. Mdogo wangu tunayelala naye chumba kimoja aliizoea kabla yangu. Sai anasema nikienda kulala kwingine yeye hapati usingizi.

Nina miaka 23, naishi Lukenya na mama, susu na huyo mdogo wangu, na leo nataka kusema kitu ambacho nimekificha kwa karibu miaka miwili. Sio hadithi ya operesheni. Operesheni nililala, sijui walifanya nini. Nataka kusema ya baadaye, ya nyumbani, kwa sababu ni hapo karibu nijimalize mwenyewe.

Lakini kwanza tuanze na koo.

Kama umewahi kuishi Lukenya mwezi wa saba unajua ule upepo. Unatoka uwanda wa Athi, unapiga mlima, unarudi kwako ukiwa na hasira. Nikiwa darasa la nne nilikuwa mtoto wa koo. Kila baridi ikija, koo linawasha, kumeza mate ni kazi, joto linapanda. Nyumbani tulitibu vile kila mtu hutibu: maji ya chumvi, tangawizi, limau, na ukizidi unapewa nusu ya antibayotiki zilizobaki za jirani. Mwaka mmoja, wiki kadhaa baada ya koo kupona, goti la kushoto likavimba. Likapoa, likahamia la kulia. Halafu kifundo cha mguu. Susu akasema ni baridi imeingia kwenye mifupa. Shuleni wakasema nakwepa michezo. Baada ya muda ikaisha, tukasahau.

Ile haikuwa baridi ya mifupa. Ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kuna bakteria wa koo wanaitwa streptokoki. Wasipotibiwa vizuri, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, huchanganyikiwa. Badala ya kupigana na bakteria peke yao inaanza kushambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona. Vali hubaki na makovu, na kila shambulio jipya linaongeza makovu mengine. Kinachoweza kuzuia mwanzoni kabisa ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ya chini. Mwaka 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, maana unaua na kulemaza vijana wengi katika nchi kama zetu, na unaanza na kitu kidogo kama koo. Mimi niliusikia jina lake nikiwa na miaka 21, nikiwa nimelala kwa mito mitatu kwa sababu nikilala chali napumua kama mtu anayezama.

Kabla ya hapo kila mtu alisema ni pumu. Na ilikuwa inaingia akilini. Huku kwetu kuna machimbo ya mawe, malori hayaishi, na upande wa Athi River kuna viwanda vya saruji. Ukikohoa Lukenya mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Nikapewa pampu ya pumu, nikaitumia miezi, hakuna kitu.

Siku ukweli ulipotoka nilikuwa nimepanda mlima na wasee watatu tukafilimu jua likizama. Wale wanaokuja kukwea miamba ya Lukenya na kamba zao wanaijua hiyo mandhari, uwanda wote uko chini yako na kama una bahati unaona twiga. Tulikuwa hatujafika hata nusu. Nikakohoa, nikatema povu la rangi ya waridi. Nikalifunika na mchanga kwa kiatu ili wasilione. Angalia hiyo tabia. Ilianza mapema.

Usiku huo mama alinipeleka hospitali. Wakanifanyia eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Vali ya mitrali, mlango ulioko kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ilikuwa imekakamaa na kubana. Damu inakwama, inarudi nyuma kwenye mapafu. Kutoka hapo mambo yalienda mbio: harambee, NHIF ya wakati huo ikalipa sehemu yake, kanisa, chama cha mama, watu ambao sijawahi kukutana nao wakituma mia mia. Agosti 2023 nikafunguliwa kifua Nairobi. Asante kwa kila mtu aliyetuma. Nasema kwa moyo wote, wa nyama na wa kaboni.

Siku niliyorudi nyumbani uani kulikuwa na watu hadi viti vya kuazima vikaisha. Nyimbo, maombi, chapati. Kila mtu ananiambia nimepona. Wiki ya tatu tulikuwa mimi, susu na redio.

Hakuna mtu amekosea hapo. Watu wana kazi zao. Lakini wanaona operesheni ndiyo mlima, ukishashuka umemaliza. Ukweli ni kwamba operesheni ilichukua masaa kadhaa, na hii nyingine ni ya maisha.

Wiki za kwanza zilikuwa za vitu vidogo vya kuaibisha. Mfupa wa kifua ukikatwa huunganishwa kwa waya, na unahitaji karibu miezi miwili mitatu kushika. Ukitaka kukohoa unakumbatia mto kwa nguvu. Ukitaka kuamka unajiviringisha kwa ubavu, huruhusiwi kujisukuma kwa mikono. Usipande boda. Usivute mlango mzito. Usinyanyue chochote kinachozidi kama kilo 5. Sasa fikiria: mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na kwetu maji huja kwa zamu. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia susu, mwanamke wa miaka 74, akibeba nusu mtungi kutoka tangini huku mimi wa miaka 21 nimeshika mto. Nilimwambia, "Susu, acha, mama atabeba akirudi." Akaniambia, "Wewe kaa hapo. Nilibeba mama yako mgongoni na maji kichwani. Hii ni nini?"

Nililia sana miezi hiyo. Nililia kwa tangazo la sabuni. Nilidhani ninapata wazimu, hadi muuguzi wa kliniki aliponieleza kuwa huzuni baada ya operesheni ya moyo huwapata watu wengi, na kwamba niiseme kama ninavyosema maumivu. Hilo la kusema sikulishika. Nilishika tu lile la kawaida, nikanyamaza.

Halafu kulikuwa na warfarini.

Mtu akiwa na vali kama yangu damu hupenda kuganda juu yake. Donge likitoka likaenda kwenye ubongo, hiyo ni kiharusi. Kwa hivyo lazima nimeze dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku hadi nife. Kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazina usumbufu mwingi, lakini hazifai kwa vali za aina hii. Ni warfarini tu. Na historia yake ni sinema kabisa. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walianza kuvuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza. Wanasayansi wa Wisconsin wakatafuta ni nini kwenye yale majani, na kutokana na kazi hiyo ikatoka warfarini, ambayo mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya. Miaka ya 1950 ikaanza kupewa watu, na Rais Eisenhower aliitumia baada ya mshtuko wa moyo wa 1955. Kwa hivyo ndiyo, kila usiku mimi hunywa kitu kilichoanza kama sumu ya panya. Susu nilipomweleza alinyamaza kidogo, akasema, "Basi panya hawatakusumbua."

Tatizo la warfarini ni kwamba haina kipimo kimoja cha kila mtu. Unapimwa damu, kipimo kinaitwa INR, namba inayoonyesha damu yako inachelewa kuganda kiasi gani. Mtu asiyetumia dawa yuko karibu 1. Mimi natakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, donge. Ikipanda sana, unavuja. Na karibu kila kitu kinaisukuma hiyo namba: pombe, antibiotiki, dawa za maumivu za dukani, dawa za mitishamba, na sukuma wiki.

Sukuma wiki, wasee! Mboga za kijani zina vitamini K, na vitamini K ndiyo mwili hutumia kugandisha damu. Niliposikia hivyo nikafanya kile mtu wa mtandaoni hufanya, nikakata kabisa. Hakuna sukuma, hakuna terere, hakuna managu wala majani ya kunde. Wiki tatu baadaye ufizi unatoa damu nikipiga mswaki, miguu ina alama za bluu kama nimepigwa. INR ilikuwa 5.8. Susu aliposikia sababu ni kuacha mboga, alinipikia kunde asubuhi, mchana, jioni. Namba ikaanguka chini ya 2. Daktari alituangalia sisi wawili, mimi na susu tumekaa kama watoto wa shule, akasema, "Mimi sijamkataza mboga. Nimesema kiasi kile kile kila siku."

Siku hiyo tulipofika nyumbani susu alitoa bakuli la plastiki la kijani, lile la kuchotea unga. Tangu hapo mboga zangu ni bakuli hilo moja, kila siku, isizidi isipungue. Chumvi nayo alipunguza kwa sufuria ya nyumba nzima ili nisile chakula cha peke yangu kama mgonjwa. Muthokoi wetu sasa unapikwa na dania, vitunguu na limau. Mdogo wangu alilalamika wiki moja, akazoea. Mimi nilichopigania zaidi ni smokie pasua na krispi, maana hizo zimejaa chumvi na ndizo nilikuwa nimelelewa nazo stejini. Energy za kopo pia niliacha. Kila asubuhi najipima uzito. Nikiongeza kama kilo 2 ndani ya siku mbili tatu bila sababu, hiyo si mafuta, ni maji yanabaki mwilini, napigia kliniki.

Sasa unaona, nilikuwa najua kila kitu. Hilo ndilo linalonikera nikikumbuka Desemba.

Mwaka 2024 nilikuwa fiti. Natembea kutoka nyumbani hadi barabara kuu bila kusimama. Rangi imerudi. Kazi za matangazo madogo madogo zikaanza kuja. Na kulikuwa na kijana. Sitasema zaidi, anajijua. Alikuwa anajua nilikuwa "mgonjwa kidogo zamani". Hakujua kovu linatoka shingoni hadi chini ya matiti, kwa sababu mimi nilikuwa malkia wa nguo za kola. Hakujua kuhusu sauti, kwa sababu tukikaa pamoja niliweka muziki kila wakati. Shangazi mmoja alikuwa ameniuliza mbele ya watu, nani ataoa msichana anayelia kama saa? Alidhani ni utani. Mimi niliubeba kama hati ya daktari.

Pia kuna mambo ya watoto. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha mwenyewe kunaweza kukuua wewe. Haimaanishi huwezi kuzaa kabisa. Inamaanisha mimba inapangwa na daktari wa moyo kabla, na kwa sasa sipati hata vidonge vya kupanga uzazi vya kila mtu, maana vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Jaribu kuanzisha hiyo stori kwenye miadi ya pili. Mimi nilishindwa.

Basi mbogi yetu ikapanga kwenda Mombasa. Watu sita, nyumba moja ya kukodi Nyali, siku sita. Wiki ile kabla ya safari nilikuwa tayari naruka dawa, leo nimesahau, kesho nitameza mbili, kitu ambacho hufai kufanya. Na mtu tunayesali naye alikuwa ameniambia kuendelea kumeza dawa baada ya kuponywa ni kukosa imani. Ningependa kumlaumu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo. Usiku wa kupanga mkoba niliishika ile chupa ya dawa, nikaitikisa, ikalia. Nikafikiria nikiimeza mbele yao kila saa mbili usiku, maswali. Nikaiacha kwenye droo.

Treni ikatoka Nairobi, ikapita Athi River, nikaona mlima wetu dirishani. Nilijiambia, siku sita ni nini?

Siku ya tano usiku tulikuwa tumekaa barazani, watu wamekunywa, mimi nina maji ya madafu. Simu ikaanguka mkononi. Nikaiangalia pale chini, nikataka kuiokota, mkono wa kulia hautaki. Haukuuma. Ulikuwa tu si wangu. Nikataka kusema "mkono wangu", ikatoka sauti kama ya mtu aliyefungwa mdomo.

Wakacheka.

Walidhani nimelewa kwa siri. Mmoja akasema, "Huyu ametuficha chupa." Mmoja akanifilimu. Hiyo video ipo, nimeiona, sekunde 19. Naonekana nawaangalia mmoja mmoja nikiomba msaada, na wanacheka, na siwalaumu hata kidogo. Sikuwa nimewapa sababu ya kuogopa. Watu watano wanaonipenda walikuwa mita moja kutoka kwangu na hakuna hata mmoja aliyejua anaangalia nini.

Aliyetuokoa ni yule kimya wa kundi. Baba yake alipata kiharusi. Aliona mdomo wangu umevutika upande mmoja, akasema, "Nyamazeni. Huyu hajalewa." Wakanibeba hadi kwenye tuktuk. Hospitalini daktari wa zamu akawauliza, anatumia dawa gani? Wakaangaliana. Ana ugonjwa gani? Hawajui. Wakafungua mkoba wangu, hakuna kitu. Mimi nipo hapo, nasikia kila swali, majibu yote ninayo, na mdomo haufanyi kazi.

Daktari akashusha kola ya blauzi yangu aweke stetoskopu. Akaona kovu. Akasikiliza. Halafu akasema kwa sauti, "Huyu ana vali ya chuma." Ile sauti niliyoizima kwa muziki mwaka mzima ndiyo ilinisemea.

Maneno yalirudi baada ya kama dakika 40, mkono baadaye kidogo. Waliita kiharusi cha muda. Donge dogo lilipita likafungua njia lenyewe. INR yangu ilikuwa 1.1, yaani kama mtu asiyemeza chochote. Nililala hospitali siku tano nikidungwa sindano za tumbo hadi warfarini irudi kazini. Daktari alinieleza polepole kwamba hilo lilikuwa onyo, na watu wengi hawapewi onyo.

Mama alikuja na basi la usiku. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akatoa mfukoni ile chupa ya dawa aliyoipata kwenye droo, akaitikisa, akaniuliza, "Ulikuwa unamficha nani?"

Sina jibu zuri hadi leo. Nilikuwa nataka kuwa mtu ambaye mambo yamekwisha. Watu walichanga, waliomba, walipiga makofi, na ilionekana kama deni langu kwao ni kuwa mzima. Kila mtu aliponiambia "umepona" nilisikia kama amri.

Kwa hivyo nilibadilisha mambo kadhaa, na ndiyo sababu naandika hii.

Kengele ya saa mbili usiku iko kwenye simu tano, sio yangu peke yake. Mama, susu (mdogo wangu alimwekea kwenye kabambe yake), yule rafiki kimya, na wengine wawili wa ile safari. Wananitumia neno moja tu: "Umekunywa?" Najibu "nimekunywa". Kama sijajibu kwa nusu saa, wanapiga. Mwanzoni nilihisi kama mtoto. Siku hizi ikichelewa kulia nawauliza wako wapi.

Nyuma ya kava ya simu kuna karatasi: nina vali ya aina gani, dawa gani, kipimo gani, namba ya mama. Daktari wa meno anajua, maana kabla ya kung'oa jino nahitaji antibayotiki ili bakteria wasiende kukaa kwenye vali. Bado nameza penisilini mara mbili kwa siku ili ile homa ya utotoni isirudi. Na wale marafiki niliwakalisha chini nikawafundisha: mdomo ukivutika, mkono ukilegea, maneno yakikosa mpangilio, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama imeisha yenyewe.

Yule kijana nilimwambia yote, pamoja na mambo ya watoto. Nilizima muziki, nikamwacha asikilize. Baada ya wiki mbili aliondoka, kwa upole. Sitawadanganya kwamba ukisema ukweli kila mtu atabaki. Lakini niliumia kama mtu wa kawaida anavyoumia, na saa mbili usiku nikameza dawa yangu, maisha yakaendelea.

Nikirudi kwa wewe unayesoma. Ni mwezi wa saba tena, baridi imeanza. Ukiwa na mdogo wako ambaye koo linamsumbua na ana joto, mpeleke apimwe, na akipewa dawa azimalize zote hata akipata nafuu siku ya pili. Mtoto akivimba magoti kwa zamu usiseme ni baridi. Na kama una rafiki aliyetoka hospitali, ya moyo, ya figo, ya sukari, ya akili, tafadhali usimwambie amepona. Hujui. Hata yeye hajui. Muulize amekula nini leo, kliniki ni lini, nauli anayo? Kwangu dawa yenyewe si ghali, ni nauli na kipimo ndivyo vinamaliza doo. Muulize kama amekunywa dawa. Muulize wiki ya tatu, wakati viti vya kuazima vimerudishwa.

Siku hizi natembea kila jioni hadi ule mwamba wa kwanza wa mlima, sio juu. Napumzika mara mbili njiani. Ile sauti huenda mbio nikipanda, nikikaa inapoa. Ile video ya kitandani nimeamua kuipandisha leo jioni vile ilivyo, na tik tik yake yote. Nitaipandisha baada ya saa mbili, maana sai naona jina la susu kwenye skrini na najua anauliza nini.